Maji ya kisima kirefu yanatuulia hita, tulainishe maji ya kijiji kizima?

mlinda_kisima:
Wakuu habari zenu. Nipo kwenye kamati ya maji ya kijiji cha mbali sana, spea ukiagiza leo unahesabu wiki mpaka ifike. Kisima chetu ni cha kuchimbwa kwa mashine, maji mengi na masafi kwa macho ila magumu balaa, sabuni haitoi povu, masufuria yote yana ukoko mweupe. Kinachoniumiza hasa ni hita ya zahanati, ile koili inavaa chokaa mpaka inaungua, hii ni ya tatu sasa. Mama kajifungua usiku halafu maji ya moto hakuna, jamani inauma. Majibu ya maabara: ugumu 420 mg kwa lita, alikaliniti (uwezo wa maji kupooza asidi) 310, floraidi 0.6. Mmoja anatuuzia sumaku ya kufunga kwenye bomba, mwingine anataka tununue mashine kubwa ya chumvi ilainishe maji ya kijiji kizima. Tushike lipi? Na haya maji yanadhuru watu au la?

fundi_mabomba:
Pole sana. Mimi ningesema msinunue chochote kwanza, jiulizeni ni maji yapi yanapashwa moto. Chokaa inaganda zaidi penye joto, kwa hiyo maji ya kunywa, ya mifugo na ya bustani hayana haja ya kulainishwa, mtatupa hela na chumvi bure. Toeni tawi moja la bomba linaloenda kwenye hita tu, mashine ndogo ya chumvi ikae hapo. Sumaku usiijengee mpango, majaribio yake yanapingana, kuna waliosema inasaidia na kuna walioona haifanyi kitu, na nyie mko mbali hamwezi kubahatisha. Kama mnaweza kuvuna maji ya mvua hayo ni malaini kabisa, yawekeni kwa ajili ya hita na vyombo vya kuchemshia vifaa.

wa_maabara:
Naongezea hapo. Kudhuru: ni kalisiamu na magnesiamu tu hayo, mwili unavihitaji, na WHO haijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu. Floraidi yenu pia ipo chini ya 1.5 ambayo ndo kikomo chao, hapo mko salama.

Sasa angalia hizo namba mbili, ugumu 420 na alikaliniti 310. Ile 310 ndo ugumu wa muda, yaani baikaboneti, ukipasha moto hewa ya kaboni dayoksaidi inatoka na kinachobaki kinaganda kuwa chokaa, ndo hiyo inayokula koili zenu. Ile 110 iliyobaki ni ugumu wa kudumu, hata uchemshe mpaka jioni haitoki. Kwa hiyo tatizo lenu kubwa ni lile la kwanza, na mtu akikuuzia dawa bila kuuliza alikaliniti mwogope.

Mashine ya chumvi haiondoi tu, inabadilishana, inachukua kalisiamu inaacha sodiamu. Kwa 420 yenu kila lita itaongezewa karibu 190 mg za sodiamu, mwenye presha au mtoto mchanga wa maziwa ya unga asinywe hayo. Na mashine iliyopangwa vizuri inakula karibu kilo 1 ya chumvi kwa kila lita 1,000 za maji kama yenu, sasa piga hesabu ya kijiji kizima na hiyo barabara yenu.

mlinda_kisima:
Aisee hiyo ya chumvi hatukuambiwa kabisa, mwuzaji alisema "kidogo tu". Na hita tuliyonayo sasa tuisafisheje kabla haijaungua? Kuna aliyeniambia nimwage asidi ya betri.

fundi_mabomba:
Hapana hapana, asidi ya betri usiguse, itakuchoma, na iliyotoka kwenye betri iliyotumika ina madini ya risasi ndani. Tumia asidi ya sitriki ya unga, gramu 50 hivi kwa lita ya maji ya uvuguvugu. Yasiwe ya moto sana kwa sababu sitriki kwenye joto inaweza kugandana na kalisiamu ukapata uchafu mwingine mweupe, watu wengi wanakosea hapo halafu wanalaumu dawa. Zima umeme kwanza, fungua njia ya hewa juu maana chokaa ikiyeyuka inatoa gesi na tangi lililofungwa linaweza kupasuka, acha masaa kadhaa, mwaga, suuza mara mbili tatu. Hita ikiwa na sehemu za alumini muda uwe mfupi. Fanyeni kabla ukoko haujanenepa, ukifika unene wa kucha kazi inakuwa ngumu na koili imeshaanza kupata joto kupita kiasi.

wa_maabara:
Na asidi yoyote, hata siki, isikutane na klorini ya kutibia maji, inatoa gesi ya sumu. Makopo ya asidi na ya klorini yasikae pamoja, suuza hita yote kabla ya kuweka klorini tena. Maji ya chumvi yanayotoka wakati mashine inajisafisha yamwagwe mbali na kisima.

mlinda_kisima:
Nimeandika yote. Jumapili nawaeleza kamati tukate tawi la zahanati peke yake, sitriki naagiza leo. Yule wa sumaku namrudishia karatasi yake.