Kirikuu cha Mafinga: kadi ingali na jina la mmiliki wa kwanza

Mkazi wa Uyole

Kamwene ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na mambo ya kadi za usajili wa magari. Nimenunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa shilingi 9,000,000 kutoka kwa mfanyabiashara wa Mafinga, na mkataba tuliusaini mbele ya wakili. Kadi halisi ninayo mkononi, lakini jina lililomo si la mfanyabiashara huyo bali ni la mwalimu mstaafu wa Njombe, ambaye ndiye aliyemuuzia yeye na wala hawakubadilisha umiliki. Nimepewa nakala ya mkataba wao, na mwalimu bado yupo na simu anapokea.

Jambo la pili ni kwamba mimi mwenyewe nimehamia Mbeya kutoka Iringa, na TIN yangu (namba ya mlipakodi) bado inasoma anwani ya kule. Je, nianze na lipi, na ni lazima nirudi Iringa au Njombe, au ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ya hapa Mbeya inatosha?

Mzee wa Soweto

Kamwene mkuu. Ofisi ya Mbeya inatosha, kwa sababu kumbukumbu za magari zipo katika mfumo mmoja wa nchi nzima, na namba ya gari haifuati mkoa. Namba yako inayoanza na T itabaki ile ile hata gari likiuzwa mara kumi.

Anza na TIN. Taarifa za mmiliki mpya zinachukuliwa kutoka kwenye TIN yake, hivyo ukikimbilia kadi kabla ya kurekebisha anwani utakuwa umebeba anwani ya Iringa na kuiingiza kwenye kumbukumbu za gari, kisha urudi tena kuomba isahihishwe. Nenda na kitambulisho cha taifa (NIDA) pamoja na anwani ya makazi ya sasa, yaani kata, mtaa na namba ya nyumba kama ilivyo kwenye kibao kilichowekwa wakati wa operesheni ya anwani za makazi ya 2022.

Kuhusu umiliki, andaa kadi halisi, mikataba yote miwili, vitambulisho na TIN za wahusika. Gharama kwa gari ni ada ya kuhamisha shilingi 50,000, kadi mpya shilingi 10,000, na ushuru wa stempu asilimia moja ya thamani ya gari, ambayo kwa bei yako ni shilingi 90,000. Mwenye pikipiki hutozwa ada ya 27,000 badala ya 50,000. Kumbuka tu kwamba gari lako limeuzwa mara mbili, na kila mkataba una ushuru wake wa stempu. Kaa na mfanyabiashara wako mkubaliane mapema nani anabeba ule wa kwanza, maana kwa haki si wako.

Kabla ya yote hayo, kagua namba. Kirikuu injini yake iko chini ya viti, kwa hiyo inua kiti, chukua kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, futa tope na grisi mpaka namba ya injini isomeke, kisha ilinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Fanya hivyo hivyo kwa namba ya chasi. Magari haya ya kubebea viazi hubadilishwa injini gereji bila mtu kukumbuka kutoa taarifa, na injini isiyolingana na kadi itakukwamisha siku ya ukaguzi, au, vibaya zaidi, itakufanya uonekane mwenye gari la wizi. Ukikuta imebadilishwa, dai risiti ya injini kwa aliyekuuzia sasa hivi, angali anapokea simu zako.

Dereva wa Tunduma

Kaka, mbona mnajitesa? Mwalimu yupo, basi mfuate Njombe, andikeni mkataba mmoja kati yake na wewe, bei wekeni milioni tatu ili ushuru upungue, mchezo umekwisha. Huyo wa Mafinga hana haja ya kuonekana popote.

Wakili Mstaafu, Iringa

Ndugu yangu wa Tunduma, nakuheshimu, lakini ushauri huo usifuatwe. Mwalimu hakumuuzia huyu bwana wa Uyole na hakupokea fedha yake, kwa hiyo hati ya namna hiyo ni ya uongo tangu mstari wa kwanza. Gari likija kugundulika lina dosari, atamshitaki nani? Mwalimu atasema hakuchukua hata senti, na mfanyabiashara atasema hayumo kwenye mkataba. Bei ya milioni tatu nayo haina faida unayoidhani, kwani TRA hailazimiki kuikubali bei iliyo chini mno kuliko thamani ya gari, na ikitokea mmegombana mkafika mahakamani ukadai urudishiwe fedha, karatasi yako mwenyewe ndiyo itakayosema ulilipa tatu.

Niongeze kwamba mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe pamoja na adhabu yake. Watu wengi wanaona ukishapigwa muhuri wa wakili umekamilika, wakati muhuri wa wakili ni ushuhuda wa saini tu. Huyo mwalimu msimsumbue kwa safari zisizo na sababu, lakini mpateni mapema akamilishe upande wake. Akifariki kabla kadi haijabadilishwa, gari litahesabika ni mali ya marehemu, na mtalazimika kumsubiri msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama ndipo apatikane wa kuidhinisha uhamisho.

Mama Ilula

Mimi nasema kwa upande wa muuzaji. Niliuza Noah, mnunuzi akaahidi kubadilisha kadi, na hadi leo kosa likifanyika barabarani ninayetafutwa ni mimi, kwa kuwa jina langu ndilo lililomo. Mwalimu huyo wa Njombe atafurahi kuliko wewe.

Mkazi wa Uyole

Nimewaelewa, nitafuata mikataba yote miwili. Vipi kuhusu bima na faini za nyuma? Naona kuna faini mbili za kabla sijanunua.

Mzee wa Soweto

Faini hufuata namba ya gari, ndiyo maana unaziona kwenye mfumo wa polisi ukiingiza namba hiyo. Kila kosa ni shilingi 30,000. Linganisha tarehe ya kosa na tarehe ya mkataba, kisha mpelekee mfanyabiashara namba za malipo azilipe yeye, na wewe usiende ofisini mpaka zimefutika. Kwa bima, usitegemee iliyopo sasa. Hiyo ni makubaliano ya kampuni na aliyeikata, hivyo kata yako, au iombe kampuni kwa maandishi ikuingize jina. Na kama utabeba mizigo ya watu kwa malipo huku kibao cha namba ya gari kikiwa cha njano, yaani cha gari binafsi, omba mabadiliko ya matumizi siku hiyo hiyo ya uhamisho ili upewe kibao cheupe cha biashara, kwani kadi itakuwa inachapwa upya hata hivyo.