Córdoba kwa siku moja: ziara ya bakshishi, ya kulipia, au tujizungukie wenyewe?

Msafiri_wa_Tanga
Wakuu habari zenu. Mwezi wa tano nampeleka mama (miaka 68) Hispania. Tunatoka Madrid kwa treni ya kasi, tunashuka Córdoba asubuhi, jioni tunarudi. Anachotaka ni kimoja tu: kuuona ule msikiti wa matao mekundu na meupe, aliouona kwenye kalenda ya duka la vitambaa kabla mimi sijazaliwa. Nina njia tatu mezani. Kuna ziara ya miguu inayoitwa "ya bure", unatoa bakshishi mwishoni. Kuna ya kundi ya kulipia, tiketi ya Mezquita (ndio huo msikiti) ikiwa ndani yake. Au twende wenyewe na simu mkononi. Magoti ya mama si ya kuchezea.

Binti_Vichochoroni
Hizo mbili za kwanza nimezifanya, miaka tofauti.

Ya bakshishi tulianzia uwanja wa Tendillas, tukashuka mtaa wa zamani wa Wayahudi: sinagogi la 1315, kichochoro cha maua, sanamu ya Maimonides, yule mwanafalsafa wa Kiyahudi, ambayo kiatu chake kinang'aa kwa kushikwashikwa na wageni. Kijana alikuwa mcheshi kwelikweli. Tukafika ukutani mwa msikiti, akasema asanteni, mimi naishia hapa. Saa mbili na ushee, nusu yake tumesimama juani, na kile tulichokifuata hatujakiona! Nikampa yuro 10, kisha nikaenda kupanga foleni ya tiketi.

Ya kulipia mwongozaji anaingia nanyi, mnasikiliza kwa vidude vya masikioni. Hela inafanya kazi ndani, si nje. Ukiingia peke yako unaona msitu wa nguzo, mzuri, basi. Yeye alitusimamisha sehemu kongwe ya mtawala Abd al-Rahman wa Kwanza, iliyoanza miaka ya 780, akatuambia tutazame nguzo kwa chini. Hazifanani, kwa sababu nyingi zilitolewa kwenye majengo ya Warumi na Wavisigothi. Zilikuwa fupi, ndiyo maana wakapandisha tao juu ya tao ili paa liinuke. Baadaye akatupeleka kwenye nyongeza ya mwisho, ya mtawala wa baadaye al-Mansur, akatuuliza nyekundu ya pale ina nini. Nikasogea: ni rangi ya kupaka! Kule kwa kwanza ni matofali halisi yamepishana na mawe. Hilo nisingeligundua hata kwa siku tatu.

Mzee_wa_Muscat
Mwanangu, kuna njia ya nne. Jumatatu hadi Jumamosi huwa wanafungua bure saa 2:30 hadi 3:30 asubuhi, na makundi hayaruhusiwi. Nilisimama mbele ya mihrabu ya al-Hakam wa Pili, ile ya vijiwe vya dhahabu vya mafundi wa Bizanti, tukiwa watu sita labda. Hakikisha kwanza kwenye tovuti yao kwamba siku hiyo hakuna ibada.

Na mwandae mama. Mji ulitekwa 1236 na msikiti ukafanywa kanisa. Kuanzia 1523 wakajenga kanisa kubwa katikati kabisa ya nguzo. Kuswali hairuhusiwi, walinzi watakuja. Mke wangu hakuambiwa mapema, akatoka analia.

Chai_ya_Saa_Kumi
Mzee, saa 2:30 zetu au zao? 😀

Mzee_wa_Muscat
Zetu. Kwao 8:30.

Chai_ya_Saa_Kumi
Basi kutoka Madrid siku hiyohiyo ni kubahatisha. Treni inakaribia saa mbili njiani, bado teksi.

Nyongeza: vichochoro vingi vimesakafiwa vijiwe vya mtoni, vya duara. Mimi nina miaka 30 na vifundo vya miguu vilinilalamikia. Na mwezi wa tano ni tamasha la nyua za maua, mji unafurika. Halafu yale machungwa ya uwanja wa msikiti ni madanzi. Msiyajaribu. Nimeyajaribu.

Kaka_Mapambo
Nendeni Granada bwana, ile ngome ya Alhambra ndiyo mpango.

Binti_Vichochoroni
Kaka, pale ni vilima, na Majumba ya Wanasri, humo ndani ya Alhambra, unaingia kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, ukichelewa imekula kwako. Siku ya mama ni msikiti. Tusimchanganye.

Msafiri, ushauri wangu: tafuta ziara ya kulipia ya Mezquita peke yake, isiyopita mitaani. Zipo, saa moja na kidogo. Mitaa mtaitembea wenyewe kwa mwendo wake, mkichoka mnaagiza salmorejo, supu nzito ya nyanya, ya baridi.

Msafiri_wa_Tanga
Nimewaelewa. Tunalala usiku mmoja. Asubuhi tunaingia bure, mama atulie na kalenda yake. Baada ya chai, ziara ya Mezquita peke yake. Ya bakshishi nitaifanya mimi jioni yeye akipumzika.

Nimemsomea haya yote kwa simu. Ameuliza: ndani kuna pa kukaa?

Mzee_wa_Muscat
Mabenchi yapo, lakini ni ya kanisa, pale katikati.

Msafiri_wa_Tanga
Anasema sawa, atakaa hapohapo, ila uso ataelekeza kwenye mihrabu.