Nimeghairi kuandika faili la ripoti, linabaki nusu. Naomba ushauri (lugha ya C#)

kijana_wa_vipuri: Wakuu, habari za jioni. Nimekaa na hili tangu juzi.

Natengeneza programu ya duka la vipuri. Mwisho wa mwezi inatoa ripoti ya mauzo kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi yanayotenganishwa kwa koma). Kazi inachukua muda, kwa hiyo nimeweka kitufe cha "Ghairi" kinachoita `cts.Cancel()` (`cts` ni CancellationTokenSource, chanzo cha ishara ya kughairi). Naandika mstari mmoja mmoja kwenye strimu (FileStream, njia ya kuandikia faili):

`await strimu.WriteAsync(baiti);`

Ukibonyeza kitufe, hakuna kinachotokea. Jana mwenye duka alichoka kusubiri, akaiua programu kwa Task Manager. Leo akawatumia wahasibu faili lile lile. Mstari wa mwisho umeishia "Plagi ya piki". Imeniuma sana, maana ameniamini. Nimekosea wapi?

mtunza_seva: Pole mkuu. Tokeni, yaani ile ishara ya kughairi inayotoka kwenye `cts`, hujaipitisha popote. `Cancel()` haiui kazi, inainua bendera tu. Anayefanya kazi ndiye wa kuitazama. Andika `WriteAsync(baiti, cts.Token)`, na kila mzunguko wa kitanzi uanze na `ThrowIfCancellationRequested()`. Ukighairi utapata `OperationCanceledException`. Idake peke yake, usiichanganye na hitilafu za kweli. Na FileStream ifungue kwa `FileOptions.Asynchronous`.

kijana_wa_vipuri: Asante mkuu, kitufe sasa kinasikia. Ila faili la nusu bado lipo! Nilidhani ukighairi linarudi lilivyokuwa.

dada_bafa: Hapana mdogo wangu. Kughairi kunasimamisha, hakufuti. Kilichokwisha kuandikwa kimeandikwa.

Hebu tazama ukubwa wa lile faili la jana. Kama hukubadilisha kitu, FileStream ina bafa (hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu) ya baiti 4096, na mistari mifupi kama yako hukusanywa humo kwanza, ikijaa ndipo inamwagwa. Programu ikiuawa, kilichobaki kwenye bafa kinapotea nayo. Bafa haijui neno linaishia wapi.

kijana_wa_vipuri: Dada, ni baiti 53,248. Nimegawanya kwa 4096, imetoka 13 kamili!

dada_bafa: Ndiyo hiyo. Sasa usiandike kwenye `ripoti.csv` moja kwa moja. Andika `ripoti.csv.tmp`, folda ile ile ili mwishoni iwe ni kubadili jina tu, si kunakili upya. Ukimaliza, `FlushAsync` ili bafa imwagwe yote, funga strimu, kisha `File.Move(yaMuda, yaKweli, true)`; hiyo `true` inaruhusu kufunika faili la zamani. Kwenye .NET Framework ya zamani hicho kigezo cha tatu hakipo. Akighairi, funga strimu kwanza, halafu futa ya muda. Hata programu ikiuawa ghafla, ripoti halali haiguswi.

Na kazi ya usafi, kama kufuta hiyo ya muda, usiipe tokeni iliyokwisha kughairiwa. Itakataa kabla haijaanza.

mtunza_seva: Naongezea kwa watakaosoma baadaye: kwenye mtandao hakuna faili la muda. Ukighairi katikati ya kuandika kwenye NetworkStream (strimu ya mtandao), upande wa pili huenda umepokea nusu ya ujumbe. Muunganisho huo usiutumie tena, ufunge ufungue mwingine.

kijana_wa_vipuri: Nimeghairi mwanzoni, katikati, na karibu na mwisho, kisha nikaiua kwa Task Manager. Ripoti ya zamani iko salama mara zote nne. Ile ya kuuawa imeacha `.tmp`, nimeweka ifutwe programu inapowaka. Kesho asubuhi naenda dukani kuitoa ripoti upya, wahasibu wapate iliyo kamili. Mungu awabariki.