Panya wangu wana mbio lakini wanaisha kabla ya mapumziko, nifanye nini?

Panya wa Katuba:

Ndugu zangu, niko Lubumbashi, Katuba. Naomba msaada wa wanaocheza Blood Bowl, ule mchezo wa mezani wa mpira wa kugongana, kwa muda mrefu, maana nimepigwa mechi tatu mfululizo na timu ninayoipenda kupita zote.

Ninacheza Skaven, wale panya. Tunafuata kanuni za toleo la 2020. Uwanja niliuchora mwenyewe juu ya ubao wa tripleksi, miraba 26 kwa 15, na wachezaji nimewasuka kwa waya wa shaba; mkia wa kila panya umezungushwa mara mbili chini ya miguu ili asimame. Mpira ni kipande cha malakiti, lile jiwe la kijani, kikubwa kama punje ya haragwe. Dadu za kugonga hatuna, kwa hiyo tunatumia dadu ya kawaida: 1 mgongaji anaanguka, 2 wanaanguka wote wawili, 3 na 4 mgongwaji anasukumwa, 5 anajikwaa, 6 anakwenda chini. Inafanya kazi vizuri kabisa.

Shida ni shemeji yangu. Tunacheza kila Jumapili baada ya misa, chini ya mwembe wa baba mkwe, na yeye ana Dwarf, timu ya mbilikimo. Mwendo wa wengi wao ni miraba 4 tu, lakini karibu wote wana ustadi wa Block (ile 2 ya dadu haiwalazi) na Tackle (wa kuwabana wanaochomoka), na kinga ya wengi ni 10+, yaani akianguka, dadu mbili zifike 10 ndipo ivunjike. Panya wangu wengi kinga yao ni 8+. Jumapili iliyopita nilifunga bao katika zamu ya pili, watoto wakapiga kelele hadi majirani wakatoka nje. Tulipofika mapumziko nilikuwa na panya watano uwanjani. Watano! Kipindi cha pili alitembea na mpira kama mtu anayekwenda sokoni. Tuliisha 3 kwa 1.

Timu yangu ndiyo hii: wakimbiaji (Gutter Runner) 4, wagongaji (Blitzer) 2, panya wa kawaida 4, lile jitu la panya (Rat Ogre) 1, na marudio (ruhusa ya kutupa dadu tena) 2. Jumla elfu 970 katika ile milioni moja ya kununulia timu.

Sitaki kubadilisha timu. Nilipomwona mkimbiaji wa kwanza akienda miraba 9, akaongeza 2 za kujitutumua, akapita katikati ya watu wanne bila kuguswa, nilijua hii ndiyo timu yangu. Niambieni tu namna ya kuwaweka hai.

Mzee wa Kampemba:

Mdogo wangu, nimesoma mara mbili. Nianze na orodha yako kwa sababu hilo ni jepesi. Una wachezaji 11 kamili, hakuna wa akiba hata mmoja, na hakuna tabibu. Kwa kinga ya 8+ hiyo ni kuingia mgodini bila kofia. Liache lile jitu. Ni elfu 150, lina hasira, siku nyingine linawageukia wenzake. Kwa fedha hiyo chukua panya wa kawaida wawili kwa elfu 100 na tabibu kwa elfu 50. Jumla inabaki elfu 970 ileile, lakini sasa una watu 12 na mtu wa kuwatibu.

Sasa jambo lenyewe. Hukueleza panya wako wanasimama wapi zamu yako inapoisha, na mimi naamini ugonjwa uko hapo. Dwarf wa shemeji yako wana haki ya kukimbia na kugonga mara MOJA tu kwa zamu, timu nzima. Wengine wote wanaweza kumgonga yule tu ambaye tayari amesimama ubavuni mwao zamu ilipoanza. Yaani pigo moja ni lake. Mapigo mengine yote ni wewe unayempa.

Fanya hesabu. Panya akiangushwa, kinga ya 8+ inavunjika mara 15 kati ya 36. Ikivunjika, mara nyingine 15 kati ya 36 anatoka uwanjani, amezimia au ameumia. Ukizidisha, karibu kila anguko la sita linakuondolea mtu mmoja. Dwarf akianguka, kwa kinga yake na kichwa chake kigumu, ni kama mara moja kati ya ishirini na mbili. Kwa hiyo mkibadilishana mapigo, wewe ndiye utakayeisha, hata dadu zikikupenda. Akikugonga mara moja kwa zamu, utamaliza kipindi na watu. Akikugonga mara nne, utamaliza na watano, kama ulivyosema.

Kabla hujamaliza zamu yako, pitisha kidole juu ya ubao. Kweli, kidole. Gusa kila panya, mmoja mmoja, ujiulize: huyu ana Dwarf jirani? Kama ndiyo, na hana kazi ya maana pale, mwondoe. Mimi nimecheza kwa timu ya Wood Elves miaka mingi na bado napitisha kidole.

Wale watatu unaolazimika kuwaweka mstari wa kati, huwezi kuwaokoa. Weka panya wa kawaida wa elfu 50. Mkimbiaji asionekane pale kamwe.

Na akiwa na mpira, usimkaribie. Weka ukuta wa watu wawili wawili, ukiacha mraba mmoja mtupu kati yako na yeye. Kupita hapo atalazimika kutumia lile pigo lake moja, na mwendo wa miraba 4 utaishia palepale. Kisha rudi nyuma mraba mmoja, panga tena. Msukume kuelekea pembeni mwa uwanja, maana mstari wa pembeni nao unamkaba kama mchezaji wa kumi na mbili. Kizimba chake, yaani watu wanaomzunguka mwenye mpira kwenye pembe, kikibanwa pale, pembe moja hufunguka. Hapo ndipo unaingia, kwa pigo moja, na kila kitu ulicho nacho.

Dada wa Ruashi:

Nakubaliana na mzee kwa yote, ila naona ameliacha jambo kubwa: lile bao la zamu ya pili.

Kaka, ulifunga mapema mno. Ukianza wewe na ukifunga katika zamu yako ya pili, Dwarf wanabaki na zamu saba za kupeleka mpira. Kwao saba zinatosha, polepole, huku wakiwagonga njiani. Halafu kila bao linaleta mpira wa kuanza upya, na kama wewe ndiye unayepiga, watu wako watatu wanapangwa mstarini, naye anawagonga wote kabla hujasogeza mtu.

Mimi ninachofanya: mkimbiaji anabeba mpira hadi mbele, miraba mitatu au minne kutoka mstari wa bao, mahali ambapo Dwarf wa kawaida hawezi kumfikia na kumgonga hata akijitutumua (4 na 2 ni 6, hesabu 7 uwe salama). Wengine nawatawanya mbali, kila mmoja peke yake. Anatumia zamu nzima kumfukuza mtu mmoja. Funga pale tu anapokulazimisha, au zamu ya nne, ya tano. Ukimwachia zamu nne au tano, anaanza kukimbia, na Dwarf anayekimbia huanguka mwenyewe.

Kuna wakati nafunga haraka kwa makusudi, nao ni mmoja: nikiwa na watu wengi waliozimia. Kabla ya mpira kuanza upya kila aliyezimia anatupiwa dadu, 4 au zaidi anarudi. Nikiwa na watatu kwenye sanduku la waliozimia, afadhali bao sasa.

Na usitegemee Dodge, ule ustadi wa kuchomoka wa wakimbiaji wako, mbele ya watu hawa. Tackle inakunyang'anya ile nafasi ya kurudia dadu unapomtoroka. Kuchomoka kwa 2+ ni rahisi, lakini ukichomoka mara mbili mfululizo bila marudio unabaki na 25 kati ya 36. Theluthi moja hivi unaanguka, na zamu inakufa. Sogeza kwanza wale wasiohitaji dadu. Mwenye kutupa dadu awe wa mwisho.

Kijana wa Bukavu:

Mimi naongeza kidogo tu. Tabibu asitumike kwa panya wa elfu 50 katika zamu ya kwanza. Nimelifanya hilo, na zamu ya tatu mkimbiaji wangu mwenye mabao manne alikufa nikiwa sina mtu wa kumtibu. Mweke kwa ajili ya mkimbiaji wa elfu 85.

Panya wa Katuba:

Nimerudi. Asanteni sana, mzee wa Kampemba, dada, na ndugu yangu wa Bukavu. Tulicheza Jumapili.

Jitu nililitoa. Mama watoto aliniuliza kwa nini nalifungua lile kubwa, lililonichukua jioni mbili kulisuka. Nikamwambia waya wake unatosha panya wawili. Kweli ulitosha, ukabaki.

Nilianza mimi. Mkimbiaji alikaa na mpira miraba minne kutoka mstari wa bao, zamu mbili nzima, na shemeji akawa anasogeza Dwarf wake huku ananitazama usoni. Sijawahi kupata raha kama hiyo mezani. Nikafunga zamu ya nne. Yeye akasawazisha zamu ya nane, kwa kujitutumua mara mbili. 1 kwa 1.

Kipindi cha pili mpira ulikuwa wake. Nilipanga ukuta, nikarudi, nikapanga, nikarudi. Kila zamu nilipitisha kidole. Niliteleza mara moja tu, nikamsahau panya mmoja karibu na wawili wao, na huyo ndiye aliyekufa. Zamu ya saba walikuwa kando kabisa ya uwanja, miraba mitatu kutoka mstari wangu, na pembe moja ya kizimba ilikuwa wazi kwa sababu mtu wao alikuwa amelala chini. Panya wa kawaida akaenda kusaidia ubavuni mwa mwenye mpira, mwingine akamkaba Dwarf wa pembe ya pili, kisha mkimbiaji akaingia kwenye lile pengo bila hata kutupa dadu ya kuchomoka. Nguvu zikawa sawa, dadu moja ya kugonga. Ikatoa 3, kusukuma. Nikatumia marudio ya mwisho. Mkono ulikuwa unatetemeka, nasema kweli. 5. Akajikwaa, akaenda chini, na malakiti ikaruka mraba mmoja. Shemeji akajaribu kuiokota kwa Dwarf mwingine, akahitaji 5, akapata 2.

Sare, 1 kwa 1, na mimi nikiwa na panya wanane wamesimama. Tulikunywa munkoyo hadi giza.

Sasa nina swali jingine. Mkimbiaji aliyefunga alichaguliwa pia kuwa mchezaji bora wa mechi, kwa hiyo ana pointi 7, na kwa 6 naweza kumchagulia ustadi mmoja. Nampa Block, ili ile 2 ya dadu isimlaze chini pale Dwarf wanapomgonga? Au Wrestle, ili siku nyingine kama ile ya pembe wazi hata 2 imwangushe mwenye mpira? Nimelala siku tatu na swali hili, na mechi ni Jumapili.