Nimezungushwa miezi 7 na kompyuta ya kuundiwa mpaka waranti ikaisha, sasa naambiwa nimefungua stika

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira kweli kweli, mnivumilie uzi ni mrefu.

Kazi yangu ni kuedit video, harusi, send-off, kipaimara, ndio inayolipa kodi ya nyumba na ada ya watoto. Machi 2024 nikajikusanya nikaenda duka moja la hapa Dar, wakaniundia mashine: prosesa Core i7-14700K, RAM 64GB, kadi ya picha ya RTX 4070, SSD ya 2TB, na UPS nikachukua hapohapo maana waliniambia bila UPS waranti haihesabiki. Jumla milioni 6 na laki 4. Risiti ya EFD ninayo, na kwenye ankara wameandika kwa peni waranti mwaka 1 wakagonga na muhuri juu yake.

Miezi ya mwanzo sina cha kusema, mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri mno. Harusi ya kamera 3 niliyokuwa naiacha inarenda (yaani inatengeneza video ya mwisho) usiku kucha kwenye laptop yangu ya zamani ikawa inaisha nikiwa bado nakunywa chai. Agosti ndo ikaanza. Ikifika asilimia 60 au 70 ya kurenda programu inajifunga yenyewe, haitoi hata ujumbe. Ukifungua faili la zip inakwambia limeharibika, ukirudia lilelile mara ya pili linafunguka. Mdogo wangu akiwasha gemu anaambiwa memori ya kadi ya picha imeisha, kadi ina 12GB na gemu ndo kwanza linafunguka! Skrini ya bluu ikawa kila siku.

Nikawapigia, wakasema lete. Mimi nakaa Mbagala, na lile keisi lina kioo ubavuni, kwa hiyo nakodi bajaji nimelipakata mapajani, nimelifunga shuka mbili, kila tuta namwambia dereva taratibu kaka taratibu. Nimefanya hiyo safari mara 4 kwenda na 4 kurudi.

Safari ya kwanza wakapiga Windows upya. Hawakuniuliza kama nina kazi humo ndani, wakafuta kila kitu, nikapoteza harusi mbili ambazo nilishaanza kuzikata, namshukuru Mungu video zenyewe nilikuwa nazo kwenye diski ya nje. Siku ya tatu tatizo likarudi. Safari ya pili wakapiga Windows tena na kunichaji elfu 30 ya ufundi, mashine ikiwa ndani ya waranti! Ya tatu wakabadilisha RAM. Ya nne fundi hata hakuiwasha, akaniambia "bro, huo ni umeme wa kwenu". Nikamwambia ndugu yangu, UPS mmeniuzia nyinyi, ipo hapa na muhuri wenu. Akasema basi niiache wiki moja waiangalie. Ikakaa wiki 5, naenda kuchukua naikuta na vumbi juu, naambiwa ni nzima.

Nikaamua kusoma mwenyewe, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Hili tatizo linajulikana dunia nzima. Julai 2024 Intel wenyewe walitangaza kwamba kwenye prosesa za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na 14 maikrokodi (programu ndogo ya ndani inayoiongoza prosesa) ilikuwa na kosa, prosesa inaomba volti kubwa kupita inavyotakiwa, inaumia kidogo kidogo, na ikishaumia haiponi. Agosti wakatoa maikrokodi 0x129, Septemba wakatoa 0x12B, unazipata kwa kuapdeti BIOS, ile programu ya kwenye bodi inayoamka kabla ya Windows. Na waranti ya prosesa hizo wakaongeza miaka 2 juu ya ile 3 ya Intel wenyewe. i7-14700K ipo kwenye orodha, na dalili zinazosemwa ni hizo hizo zangu, mpaka ile ya memori ya kadi kuisha. Sasa mtu anayeuza prosesa hizi kila siku, umemletea mara 4 unamweleza dalili moja baada ya nyingine, anakosaje kujua? Na kama alijua mbona alininyamazia?

Nikaingia kwenye BIOS, tarehe pale juu inasoma Oktoba 2023. Mara 4 imekaa mikononi mwao na hakuna aliyeapdeti. Nikashusha faili kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji wa bodi, nikaliweka kwenye fleshi, nikaanza mwenyewe saa 6 usiku maana mchana umeme wa huku siuamini. Dakika zile mstari unatembea kwenye skrini sikukaa chini, nilisimama mkono mmoja uko kwenye UPS. Ikamaliza salama. Lakini skrini ya bluu ikabaki palepale, prosesa ilishaumia. Nikashusha spidi ya prosesa kutoka 5.5 mpaka 5.2 GHz, ikarenda masaa 3 bila kuzima. Nikairudisha 5.5, dakika 10 ikajizima. Nimerudia hivyo mara 3 na kila kitu nimekirekodi kwa simu. Huo ushahidi unatosha, si Windows, si RAM, si umeme.

Nikawatumia video zote WhatsApp mwezi wa pili, waranti bado ipo. Tiki za bluu, kimya. Nikapiga, bosi yuko safari. Katikati ya Machi ndo wanajibu: waranti imeisha wiki iliyopita, halafu stika ya kwenye skrubu ya ubavuni imechanika, umefungua mwenyewe. Stika ileee fundi wao aliichana wakati anabadilisha RAM na hakuweka nyingine!

Nikaomba basi boksi la prosesa niombe waranti kwa Intel mwenyewe. Wanasema maboksi huwa wanatupa. Baadaye fundi mmoja akaropoka kwenye simu kwamba prosesa zao huwa zinakuja kwenye trei, hazina boksi. Sasa ya trei Intel anakurudisha kwa aliyekuuzia, na aliyeniuzia ndo huyu anayenikimbia. Kwenye ankara wameandika "boxed", yaani ya boksi. Nimelipia kitu ambacho sikupewa.

Nachotaka ni prosesa nyingine nzima na ile elfu 30 yangu. Sitaki Windows ya tatu.

Na wewe mwenye kompyuta ya mezani ya i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14, au i5-13600K na 14600K, angalia tarehe ya BIOS leo hii kabla haijaumia, na kama uko dukani unanunua usiondoke bila boksi la kila kifaa, hata likiwa tupu.

Nimeshaandika barua ya malalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC, nimeambatanisha risiti, ankara na meseji zote za WhatsApp. Aliyewahi kupeleka kesi ya kifaa kibovu pale naomba aniambie alianzaje, na walimwita muuzaji baada ya muda gani, kwa sababu Jumamosi nina harusi ya kamera 4 na mashine naiendesha kwa 5.2 nikiiombea Mungu.