Naomba ushauri: faida kubwa vitabuni, pesa haionekani

Wakuu, kikundi chetu cha uwekezaji hapa Dodoma kinapitia hesabu za kampuni moja iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Faida baada ya kodi ni shilingi bilioni 4.2, lakini fedha taslimu kutoka shughuli za uendeshaji ni bilioni 1.1 tu. Tofauti hiyo ya bilioni 3.1, ukiigawa kwa jumla ya mali ya bilioni 38, ni kama asilimia 8. Mauzo yamepanda asilimia 9, ila wadaiwa (pesa ambazo wateja bado hawajalipa) wametoka bilioni 2.8 hadi 5.6, na tengo la madeni yasiyolipika (kiasi kinachotengwa kufidia wateja wasiolipa) halijaguswa. Hapo ndipo penye shaka: mzigo umeandikwa umeuzwa, pesa haijaingia. Mtafiti wa uhasibu Richard Sloan alionyesha mwaka 1996, kwa kampuni za Marekani, kwamba faida ya namna hii, isiyo na pesa taslimu nyuma yake, haidumu na hisa zake hufanya vibaya baadaye.

Je, tupunguze faida kwanza ndipo tukadirie thamani ya hisa, au tuiache na tudai marejesho makubwa zaidi kufidia hatari? Tukifanya yote mawili, naona tunaikata kampuni mara mbili. Na madeni ya wateja yaliyopita siku 90 bila kulipwa, tuyakate kwa asilimia ngapi?