Mjadala: Serikali ya Marekani ikimwaga fedha, ajira zinapatikana au zinapotea?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita kundi letu la familia liliwaka kuliko siku ile ya mirathi ya babu. Ndugu zangu wawili wako Marekani. Mmoja anasema Obama na Biden waliua kazi kwa kugawa hela ovyo, mwingine anasema bila hela zile watu wangelala njaa. Wakatupiana maneno mpaka usiku. Mama mkubwa, aliyekuwa anasubiri kuulizia hela ya dawa, akajitoa kwenye kundi kimyakimya.

Nimefuatilia siasa za kule tangu tulipokesha kusubiri matokeo ya 2008, na hoja yangu ni hii: wale hawabishanii uchumi. Wanabishania nani yuko Ikulu.

Mfano. Kwenye kampeni za 2016 Trump aliwaambia wananchi kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira kinachotangazwa na serikali ni uongo mtupu, kwamba ukweli unaweza kufika hata asilimia 42. Kilichokuwa kinatangazwa ni karibu asilimia 5. Akaapishwa Januari 2017. Machi ikatoka ripoti: asilimia 4.7. Msemaji wake, Sean Spicer, akawaambia waandishi kwamba ameongea na rais, na rais anasema takwimu hizo huenda zamani zilikuwa feki, ila sasa ni za kweli kabisa. Watu wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka. Kumbuka ofisi ya takwimu ni ileile, maswali ni yaleyale, na kaya wanazozihoji kila mwezi ni kama 60,000 vilevile. Kilichobadilika ni mwenye nyumba.

Agosti 2025 upepo ukageuka. Ripoti ikaonyesha kwamba ajira za Mei na Juni zilikuwa pungufu kwa 258,000 kuliko zilivyotangazwa mwanzo. Siku hiyohiyo mkuu wa Ofisi ya Takwimu za Kazi, Erika McEntarfer, akafukuzwa na Trump, aliyekuwa amerudi Ikulu. Feki zikarudi kuwa feki.

Na Wademokrati, chama cha Obama na Biden, wasijione malaika. Juni 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1, na kwa miezi mingi kabla ya hapo watu wao walikuwa wanatuambia ni jambo la kupita. Ukiwalalamikia bei ya mayai wanakuonyesha ajira. Ni sawa na shabiki wa Simba na wa Yanga kuangalia penalti ileile: mmoja kaona mkono, mwenzake kaona bega.

Mnaoishi huko mwageni uzoefu. Ila semeni kwanza mnashabikia upande gani, tusitegeane.

Dereva wa I-35 (Dallas)

Mkuu, mimi nipo upande wa Republican, chama cha Trump, na sioni aibu. Nina lori langu mwenyewe.

Umeandika vizuri lakini umekwepa swali. Swali ni je, serikali ikigawa hela, watu wanafanya kazi? Mimi nilikuwepo 2021. Biden alipitisha mpango wa dola trilioni 1.9 mwezi Machi bila kura hata moja ya Republican, na ndani yake kulikuwa na dola 300 kila wiki juu ya posho ya kawaida ya wasio na kazi. Nenda ghala lolote kipindi kile: tangazo la "tunaajiri" mlangoni, ndani hakuna watu wa kupakua. Nasubiri kupakuliwa saa sita na hakuna anayenilipa kwa kusubiri. Magavana wetu wakaona isiwe tabu, majimbo zaidi ya 20 yakakata ile 300 kabla ya muda wake kuisha Septemba.

Halafu ikaja bili. 2022 dizeli ilipita dola 5 kwa galoni. Nani aliilipa? Mimi. Deni la taifa limepita trilioni 38. Riba peke yake mwaka wa bajeti wa 2024 ilikaribia bilioni 900, zaidi ya walizotumia kwa jeshi. Hela ya serikali si mana kutoka mbinguni, kuna mtu anaitolea jasho.

Mpita Njia

Na hapa kwetu petroli imeshuka? Endeleeni kubishania ya Washington, mimi nasoma tu.

Mwalimu wa Hesabu (Morogoro)

Mimi sina chama huko, nina chaki tu. Naomba nirudi 2009, maana mbegu ya ugomvi huu ilipandwa pale.

Obama alisaini mpango wake wa kufufua uchumi Februari 17, 2009, dola bilioni 787. Baraza la Wawakilishi: Mrepublikan hata mmoja hakuunga mkono. Seneti: watatu tu. Sasa, mwezi mmoja kabla, wachumi wake wawili, Christina Romer na Jared Bernstein, walitoa mchoro. Ulisema mpango ukipita, ukosefu wa ajira hautazidi sana asilimia 8. Usipopita, utafika kama 9. Mpango ukapita. Oktoba mwaka huohuo ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10.

Mchoro ule ukawa fimbo. Kila mdahalo Warepublikan waliupandisha juu: mliahidi 8, mmetupa 10, maana yake mmeharibu. Na kisiasa walikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka uliofuata walizoa viti 63 vya Baraza la Wawakilishi.

Lakini angalieni hesabu. Wakati wanachora, takwimu ya kwanza ilionyesha kwamba robo ya mwisho ya 2008 uchumi ulisinyaa kwa kasi ya asilimia 3.8 kwa mwaka. Baadaye takwimu ileile iliposahihishwa ilizidi asilimia 8. Walipima kina cha mto kwa kijiti kifupi, wakawaambia watu maji ni ya magotini. Kosa lilikuwa kwenye kipimo na kwenye ahadi. Halikuthibitisha kwamba ngalawa, yaani mpango wenyewe, ndiyo iliyoleta mafuriko.

Kuna mawili ambayo hayasemwi. Kwanza, zaidi ya theluthi ya fedha zile ilikuwa nafuu ya kodi, jambo ambalo Republican huwa wanalipenda. Mfanyakazi alipata hadi dola 400 kwa mwaka, ila zilidondoshwa kidogokidogo kwenye mshahara, dola chache tu kwa wiki, na wengi hawakujua kama wamepunguziwa chochote. Ukimpa mtu zawadi kwa kijiko cha chai usitegemee shukrani.

Pili, na hili ndilo kubwa kwangu: serikali kuu inaweza kukopa, lakini karibu majimbo yote yanabanwa na sheria zao kutotumia zaidi ya wanachokusanya. Mapato ya kodi yaliposhuka, majimbo na miji ikaachisha kazi walimu, polisi na wazima moto. Kwa miaka michache zikapotea ajira zaidi ya nusu milioni za serikali za majimbo na miji. Washington inajaza pipa, majimbo yanatoboa chini. Halafu mnauliza kwa nini halijai.

Ofisi ya Bajeti ya Bunge lao, CBO, ilikadiria kwamba kufikia mwisho wa 2010 watu zaidi ya milioni moja, pengine milioni tatu, walikuwa kazini kwa sababu ya mpango ule. Kati ya moja na tatu kuna uwanja mpana sana, na ndipo wanasiasa wote wanapochezea.

Dereva wa I-35

Mwalimu, umenipeleka darasani vizuri, lakini huwezi kunithibitishia kitu ambacho hakikutokea. "Bila sisi ingekuwa mbaya zaidi" hata mganga wa kienyeji anasema hivyohivyo.

Mwalimu wa Hesabu

Kweli kabisa. Ndiyo maana hata anayesema "bila wao ingekuwa nzuri zaidi" naye ni mganga. Ila kuhusu zile 300 tunao mfano, kwa sababu majimbo yalikata kwa nyakati tofauti na watafiti wakalinganisha. Majimbo yaliyokata mapema ajira ziliongezeka kidogo, hapo una pointi. Lakini waliopoteza posho walikuwa wengi mno kuliko waliopata kazi. Wale wengine walikuwa wapi? Si ghalani kwako.

Mama Shifti ya Usiku (Columbus, Ohio)

Kaka Dereva, shikamoo ya heshima kwanza, maana barabara ile ni ndefu. Mimi ni Democratic, tusidanganyane.

Wale wengine walikuwa nyumbani na watoto, kaka. Shule zilikuwa zinafungwa na kufunguliwa, malezi ya mchana hakuna. Mimi natunza wazee kwenye nyumba ya kulea wagonjwa, nimewageuza vitandani na kuwaosha kipindi kile cha korona watu wakifa. Waliobaki nyumbani siwalaumu.

Halafu mnavyosema "matumizi ya serikali" mnaongea kama ni hela inayotupwa mtoni. Marekani wazee karibu sita kati ya kumi walio kwenye nyumba hizi wanalipiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mshahara wangu unapita humo. Wakenya, Wakongo, Watanzania wangapi tunafanya kazi hii? Ile sheria kubwa aliyosaini Trump Julai 4, 2025 inapunguza Medicaid na kuwataka baadhi ya watu wazima wathibitishe saa 80 za kazi kila mwezi. Na CBO hiyohiyo mnayoipenda ikisema mabaya ya Democratic ilisema sheria hiyo itaongeza nakisi ya bajeti kwa dola trilioni 3.4 ndani ya miaka kumi. Sikumsikia Republican akilia deni siku ile. Walilia 2009, wakanyamaza 2017 walipokata kodi, wakalia 2021, wakanyamaza 2025. Machozi yana kalenda?

Wakimbizi nao wametolewa kwenye SNAP, ule msaada wa chakula. Kuna Wakongo hapa mtaani waliokaa kambini miaka, wamefika kihalali kwa ndege ya serikali, leo wanaambiwa chakula hamna.

Na swali moja kaka, samahani. Wewe una lori lako. Ile mikopo ya PPP ya 2020, uliomba?

Kijana wa Kisumu

Mimi sina kura huko lakini naongea. Nilikuwa naingiza data kwenye mradi mmoja wa afya, upande wa wagonjwa wa HIV, na nyinyi mnajua huku kwetu ziwani mzigo ni mkubwa kuliko sehemu nyingi za Kenya. Januari 2025 ikatoka amri ya Trump ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Tukaambiwa msije kesho. Siku 90 ziliisha, hatukuitwa.

Misaada ya nje ni kama asilimia moja tu ya bajeti yao. Sasa mtu akiniambia wamebana matumizi ili kuokoa trilioni, nashindwa kucheka. Ila pia nawaambia wenzangu ukweli: miaka zaidi ya ishirini tangu Bush aanzishe PEPFAR, mpango wao wa kupambana na UKIMWI, 2003, na sisi bado mishahara ya kliniki zetu iko kwenye bajeti ya mtu mwingine? Huyo wa kulaumiwa hayuko Washington pekee.

Mleta mada

Kijana wa Kisumu, pole sana. Na hilo la mwisho linahitaji uzi wake.

Narudi kwenye mada. Baada ya kuwasoma naegemea kwa Mwalimu: 2009 hela ilisaidia, ila ahadi ya asilimia 8 ikaifanya ionekane imeshindwa. 2021 walipitiliza, na Dereva ana haki kuwa na hasira ya dizeli, ingawa vita ya Ukraine nayo ilichangia bei ile. Kwa hiyo hela ileile inaweza kuwa dawa mwaka huu na sumu mwaka mwingine, kutegemea watu wangapi wamekaa bila kazi na bidhaa zipo au hazipo. Hili hamtalisikia kwenye mkutano wa kampeni, halipigiwi makofi.

Halafu kuna jambo lililonishangaza. Serikali yao iliposimama siku 43 kwa bajeti kutopitishwa, kuanzia Oktoba 1, 2025, wahoji hawakwenda kwenye kaya. Matokeo yake kiwango cha ukosefu wa ajira cha Oktoba 2025 hakipo. Hakikutolewa, na hakitatolewa. Mnajua kilichofuata? Vyama vyote viwili viliendelea kutuambia ajira zikoje mwezi ule. Bila namba kabisa! Mkitaka ushahidi wa hoja yangu ya mwanzo, ni huo.

Dereva, dada amekuuliza swali. Vijana ambao hawajui: PPP ilikuwa mikopo ya serikali kwa biashara wakati wa korona, ndani ya sheria ya trilioni 2.2 aliyosaini Trump Machi 2020, ambayo Seneti ilipitisha kura 96 kwa sifuri. Ukitumia angalau asilimia 60 kulipa mishahara, unasamehewa deni.

Mpita Njia

Mmh. Dereva kapotea njia.

Mama Shifti ya Usiku

Mwacheni, labda yuko barabarani. Asijibu akiendesha.

Dereva wa I-35

Nilikuwa Oklahoma, nimeegesha sasa.

Dada, niliomba. Dola elfu ishirini na kitu. Walisamehe yote.

Ila sikuzila. Mizigo ilikatika miezi mitatu, na nilikuwa nimeajiri dereva wa pili, kijana wa Bukavu ana watoto wanne. Kwa hela ile nilimlipa mpaka mizigo ikarudi. Bado yuko na mimi mpaka leo. Hiyo ni tofauti na kumpa mtu 300 akae.

Mama Shifti ya Usiku

Sawa kaka. Msalimie kijana wa Bukavu. Muulize na yeye anapigia hesabu gani.